Usiku ziwa linapochemka: Wanaotabiri dhoruba za Victoria

Ukivuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kushika njia ya Kisauni, hukawii kumsikia utingo wa matatu akipaza sauti, “Kengeleni!” Jina hilo si la bure. Hapo Frere Town ndipo uliposimama mnara wa kengele wa wamishonari wa Church Missionary Society, ambao katika miaka ya 1870 walianzisha makazi ya watu waliookolewa utumwani. Husimuliwa kwamba kengele hiyo ilipigwa kila zilipoonekana dalili za wafanyabiashara ya watumwa kukaribia. Ikilia, kila mtu alijua la kufanya.

Sasa tembea hatua chache tu hadi Soko la Kongowea. Pita nyanya, pita vitunguu, fika mahali ambapo mama wauzaji wamekaa na magunia ya omena, wale samaki wadogo wakavu wa rangi ya fedha wanaopimwa kwa gorogoro. Msomaji mpendwa, mara ya mwisho ulipowanunua na kwenda kuwakaanga kwa nyanya na kitunguu, je, ulijiuliza walivuliwa saa ngapi?

Walivuliwa usiku. Tena usiku wa giza, wakati mwezi haupo, maana omena hufuata mwanga. Mvuvi wa Mbita, wa Usenge au wa Mwanza huingia Ziwa Victoria jua likitua, akaelea na taa zake juu ya maji (zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za umeme wa jua) na kungoja samaki wakusanyike chini ya mwanga. Ziwa hilo liko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa ukienda kwa barabara, na mtoto wa Mombasa anaweza kumaliza shule bila kuliona. Lakini mlo wake wa jioni ulitoka huko, na kwa bahati mbaya saa zile za kuvua omena ndizo saa ambazo ziwa hilo huua.

Wavuvi wapatao 200,000 hutegemea Ziwa Victoria kwa riziki. Idadi ya wanaofia humo kila mwaka hakuna aijuaye kwa hakika, kwa sababu mtumbwi wa watu watatu ukizama usiku hakuna anayeuandika popote. Lakini makadirio yanayotajwa sana na mashirika ya kimataifa ni watu 3,000 hadi 5,000. Ajali nyingi kati ya hizo hutokana na dhoruba. Hesabu hiyo hata ikipunguzwa nusu, bado inatisha kuliko ajali nyingi zinazopata kurasa za mbele za magazeti yetu.

Kwa nini usiku?

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, na mwanafunzi wa jiografia atege sikio.

Nchi kavu hupata joto upesi na kupoa upesi. Maji hupata joto polepole na kupoa polepole. Hili unalijua hata kama hukuwahi kukaa darasani: tembea pekupeku kwenye mchanga wa Nyali saa saba mchana utaruka kama panzi, lakini tia mguu baharini utapata raha. Rudi pale pale saa kumi za usiku, mchanga utakuwa baridi na maji yana uvuguvugu. Wavuvi wetu wa pwani wamejua jambo hilo tangu kale. Ule upepo mwepesi wa alfajiri unaotoka bara kwenda baharini wao huuita umande, na wengi wao hutweka tanga kwa kuutegemea.

Ziwa Victoria hufanya hivyo hivyo, ila kwa kiwango kikubwa mno. Lina eneo la kilomita za mraba karibu 68,800, na hakuna ziwa kubwa kuliko hilo barani Afrika. Mchana, ardhi inayolizunguka hupata joto, hewa yake hupanda juu, na upepo kutoka ziwani hukimbilia bara kujaza nafasi hiyo. Upepo huo umebeba mvuke. Ukifika kwenye miinuko ya Nandi, Kericho na Kisii hulazimika kupanda zaidi, na ifikapo saa tisa au kumi alasiri mawingu yamesimama juu ya milima kama minara ya msikiti. Ndiyo sababu wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaijua sana mvua ya mawe, ile inayochana majani ya chai katika dakika kumi. Katika miaka ya 1960 watu wa mashamba ya chai walifikia hata kurusha roketi mawinguni wakijaribu kuyapasua mawe hayo kabla hayajaanguka. Kisa hicho hunichekesha kila ninapokikumbuka, ingawa mwenye shamba hakuwa akicheka.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi imepoa, maji bado ni ya joto, kwa kuwa uso wa ziwa hukaa kwenye nyuzi kama 24 hadi 26 za Selsiasi karibu mwaka mzima. Sasa upepo hutoka nchi kavu kuingia ziwani. Na kwa kuwa ziwa lina umbo la bakuli lililozungukwa pande zote, pepo hizo huja kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa wakati mmoja na kukutana juu ya maji. Zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Hupanda na mvuke wa ziwa. Mvuke huo ukigeuka kuwa matone hutoa joto. Joto hilo huisukuma hewa ipande zaidi. Na kabla ya mapambazuko wingu limefika kimo cha kilomita 15 au kupita, juu kuliko zinapopita ndege za abiria. Kwa hiyo wakati dhoruba za nchi kavu hushamiri alasiri na jioni, zile za katikati ya ziwa hushamiri kati ya usiku wa manane na saa tatu za asubuhi.

Huenda ukauliza mbona basi sisi wa Mombasa hatusumbuliwi na radi namna hiyo, ilhali tuna bahari kubwa kuliko ziwa lolote. Jibu liko kwenye lile bakuli. Bahari yetu iko upande mmoja tu. Upepo wa nchi kavu ukitoka hapa Kisauni unapotea Bahari Hindi bila kukutana na mwenzake kutoka upande wa pili. Mvua yetu ya masika huja na kusi, aghalabu usiku au asubuhi, ikamwagika kwa wingi hadi mitaa ikafurika, lakini mara nyingi bila ngurumo za kutisha.

Kinachomzamisha mvuvi si mvua yenyewe. Wingu kubwa likianza kunyesha, hewa baridi huporomoka pamoja na matone. Ikigonga maji haina pa kuingia, hivyo husambaa kila upande kwa kasi, kama uji uliomwagika sakafuni. Upepo huo hutangulia mvua. Mtu aliye kwenye mtumbwi huona mbingu nyeusi kwa mbali, maji yake yametulia tuli, akadhani ana muda wa kukusanya nyavu. Mara upepo wa baridi unampiga usoni, na dakika chache baadaye mawimbi yanaingia ndani.

Sufuria jikoni

Kutabiri dhoruba kama hizo ni kazi ya namna gani? Wewe na mimi tumezoea kumcheka mtabiri. Akisema mvua, tunaanika nguo. Akisema jua, tunabeba mwavuli. Lakini hebu weka sufuria ya maji jikoni. Unajua kwa hakika yatachemka. Ukiijua nguvu ya moto unaweza hata kusema baada ya dakika ngapi. Sasa nionyeshe mahali pa chini ya sufuria ambapo povu la kwanza litaibukia. Hapo umeshindwa, na hapo ndipo anaposhindwa mtabiri wa nchi zetu za joto.

Ulaya, mvua nyingi huja na mifumo mikubwa ya mamia ya kilomita inayosafiri kutoka baharini, ikionekana siku mbili tatu kabla. Kwetu, wingu la radi linaweza kuwa na upana wa kilomita kumi tu na kuishi saa moja au mbili. Mtabiri aliye makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner, Nairobi, anaweza kukwambia leo kwamba kesho usiku ziwa litachafuka. Kukwambia kwamba litachafuka kati ya Mfangano na Remba saa nane za usiku ni kazi nyingine kabisa.

Anazo nyenzo zake, hata hivyo. Ziko puto zinazorushwa angani na chombo kidogo kinachopima joto, unyevu na upepo kadiri kinavyopanda, kisha kurudisha habari kwa redio. Ziko setilaiti zilizoning'inia kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, zinazopiga picha ya Afrika nzima kila baada ya dakika chache, na mtaalamu huangalia jinsi vilele vya mawingu vinavyozidi kuwa baridi. Kilele kikiwa baridi mno ujue wingu limekwenda juu sana. Iko rada ya Mwanza upande wa Tanzania, inayotuma mawimbi na kupokea mwangwi wa matone. Tena ziko kompyuta. Zamani hesabu zao ziligawa dunia katika vyumba vikubwa hivi kwamba Ziwa Victoria zima lilipata vyumba vichache tu, wala upepo wa nchi kavu na wa ziwa haukuonekana humo. Wataalamu wa Uingereza walipotengeneza kwa ajili ya eneo hili hesabu zenye vyumba vya kilomita nne hivi, ziwa lilianza kuonekana kama ziwa.

Jambo moja lililonivutia zaidi lilichapishwa mwaka 2016 na Wim Thiery, mtafiti wa Ubelgiji, pamoja na wenzake. Walichunguza picha za setilaiti za miaka mingi, wakaona kwamba alasiri yenye dhoruba nyingi kwenye nchi kavu inayolizunguka ziwa mara nyingi hufuatwa na usiku mbaya majini. Yaani ziwa hutoa ishara saa kadhaa mapema, kwa mtu anayejua kutazama. Wazee wa ufuoni pengine watasema walijua. Utafiti huo huo ulikuwa na habari isiyopendeza: hewa ya dunia ikiendelea kupata joto, zile dhoruba kubwa mno ambazo sasa hutokea mara moja katika miaka 15 huenda mwishoni mwa karne hii zikatokea karibu kila mwaka.

Wingu halina pasipoti

Hadi mwaka 1977 nchi zetu tatu zilikuwa na idara moja ya hali ya hewa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ikachukua vyombo vyake, na ziwa lililo moja likaanza kutazamwa vipande vipande: Tanzania nusu hivi, Uganda karibu nusu nyingine, na Kenya sehemu ndogo ya asilimia sita. Wingu lenyewe halikuarifiwa habari za mipaka. Lilizaliwa upande mmoja na kuua upande wa pili.

Waganda walijaribu jambo la maana mwaka 2011 katika visiwa vya Ssese, wilaya ya Kalangala. Wavuvi walioandikishwa walitumiwa maonyo kwa simu za mkononi, yakitumia rangi za taa za barabarani: kijani nenda, manjano jihadhari, nyekundu kaa nyumbani. Kisha kuanzia mwaka 2017 hadi 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisimamia mradi ulioitwa HIGHWAY, kwa fedha za Uingereza, uliowaweka meza moja watabiri wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ziwa liligawanywa katika kanda, na kila kanda ikapewa utabiri wake: upepo, urefu wa mawimbi, mvua, radi. Habari zilitafsiriwa kwa lugha za wenyeji na kupelekwa redioni, kwa simu, na kwa viongozi wa fuo. Tathmini ya mradi ilikadiria kwamba vifo vya ziwani vinavyotokana na hali ya hewa vilipungua kwa karibu asilimia 30, yaani zaidi ya watu 300 kwa mwaka.

Lakini tusijidanganye kwamba onyo likitumwa kazi imekwisha. Jiweke mahali pa mvuvi. Usiku mmoja wa kukaa ufuoni ni usiku bila pesa. Mwenye mtumbwi anangoja fungu lake, mwenye duka anangoja deni la mafuta. Tuseme umeonywa mara kumi na dhoruba imekuja mara nne. Kwa mtabiri hiyo ni kazi nzuri sana. Kwa mvuvi ni siku sita za njaa alizopewa na mtu aliyekaa ofisini. Mtabiri akipunguza maonyo ili asiitwe mwongo, iko siku atanyamaza na watu watakufa. Hakuna hesabu ya kompyuta inayomaliza ubishi huo. Kwa maoni yangu, mvuvi aambiwe kweli yote, kwamba uwezekano ni nne kwa kumi, halafu aamue mwenyewe kama nahodha alivyo na haki ya kuamua. Neno “huenda” linalotangazwa kila siku kwa mkoa mzima halimsaidii mtu.

Na si wavuvi pekee. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilikuwa ikijaribu kutua Bukoba, upande wa magharibi wa ziwa, katikati ya mvua na mawingu mazito. Ilianguka majini karibu na uwanja. Ndani walikuwemo watu 43, 19 walikufa. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alipiga kasia hadi kwenye ndege na kusaidia kuufungua mlango, na sifa zake zikaenea dunia nzima. Angalia saa ya ajali hiyo: ilikuwa karibu saa tatu za asubuhi. Ukikumbuka tulivyosema kuhusu pepo za usiku hutashangaa, maana dhoruba za ziwani husukumwa kuelekea magharibi na kuifikia Bukoba asubuhi, wakati Kisumu jua linawaka.

Tusidhani kuwa sisi wa pwani tumesamehewa. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja merikebu za Sultan Barghash na kung'oa mikarafuu bila hesabu. Mwaka uliofuata, Sultani akiwa amedhoofika hivyo, alifika kwake mjumbe wa Uingereza aliyetaka biashara ya watumwa ikomeshwe baharini, na mwezi Juni 1873 mkataba ukatiwa sahihi. Mjumbe huyo alikuwa Sir Bartle Frere. Ndilo jina la Frere Town. Siwezi kusema tufani ndiyo iliyoleta mkataba, kwani manowari za Waingereza zilikuwa na neno lao pia. Kimbunga kingine kilipiga Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 kile cha Hidaya kilifika Mafia baada ya kufuatwa na setilaiti kwa siku kadhaa, na huku kwetu wavuvi wakaonywa wasitoke. Mwaka 1872 hakuna aliyemwonya Barghash.

Ukienda bara likizo hii

Familia nyingi za Frere Town, Likoni na Changamwe zina shangazi au babu kando ya ziwa, na watoto hupelekwa huko shule zikifungwa. Upande wa Kenya, kwenye ghuba ya Kisumu, dhoruba nyingi hushuka kutoka vilimani alasiri na jioni. Kama mnavuka kwenda Mfangano, vukeni mapema, na ikifika saa tisa tazameni mashariki: mawingu yakisimama juu ya Nandi kama koliflawa, ahirisheni safari hata kama nauli mmeshalipa.

Mkiwa nchi kavu, ukiona umeme hesabu sekunde hadi ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Utapata umbali kwa kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo radi inaweza kukufikia. Watoto waondoke uwanjani, wasikae chini ya mti. Jengo nalo halitoshi kama halina kinga: Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 waliokuwa shuleni Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda.

Na kwenye mashua, jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa kamba zote kabla ya kuondoka ufuoni. Utawaona abiria wakilikalia kama mto kwa sababu linanuka samaki. Mtoto wako avae hivyo hivyo.